Umempa Mungu Kiwanja cha Nani?

Mwanangu wa pili alikuwa na umri wa miaka minne alipopatwa na malaria kali, ile ambayo mtaani kwetu watu bado huiita degedege kwa sababu ya namna inavyoutikisa mwili wa mtoto. Tulifika hospitalini saa tano usiku. Mtoto aliwekewa dripu, mama yake akabaki pembeni ya kitanda akimshika mkono ili asiing'oe sindano, nami nikaambiwa nikasubiri nje kwa kuwa wodi ya watoto hairuhusu wazazi wawili kwa pamoja. Nilikaa kwenye benchi la mbao barazani, karibu na ndoo ya maji ya kunawa ambayo bomba lake lilikuwa likidondosha tone moja moja. Ilipokaribia saa nane nilisikia mwanamke akilia ndani ya wodi, kilio kile ambacho mtu hahitaji kuelezwa maana yake, na kabla sijajua kama ni mke wangu au ni mama mwingine, kinywa changu kilikuwa kimekwisha kufunguka: "Bwana, ukinirudishia mtoto huyu, kile kiwanja cha Kibaha ni chako."

Hakuwa mke wangu. Nilishukuru, kisha nikaona aibu ya kushukuru.

Siku ya tatu mtoto aliomba uji, na siku ya tano tulirudi nyumbani. Jumamosi jioni nilimweleza mke wangu kwamba kesho yake, wakati wa ushuhuda, ningesimama mbele ya usharika na kukitangaza kiwanja hicho kuwa mali ya Bwana. Alikuwa anachambua mchele kwenye ungo. Hakuinua uso. Alitoa chuya mbili tatu, akazitupa, kisha akauliza kwa sauti ya kawaida kabisa: "Baba Tumaini, umempa Mungu kiwanja cha nani?"

Ni lazima nieleze kwamba kiwanja hicho, hatua 20 kwa 30, kilinunuliwa kwa akiba ya mshahara wangu na kwa migao ya miaka mitatu ya kikoba cha mke wangu, na karatasi ya mauziano tuliyoandikishana mbele ya viongozi wa mtaa ina majina yetu wawili. Usiku ule barazani sikuyakumbuka hayo. Nilitoa kilichokuwa kikubwa kuliko vyote nilivyoweza kukitaja, kwa sababu nilidhani Mungu husikiliza ukubwa, na kwa sababu mtu aliyeshikwa na hofu hana muda wa kuuliza mali ni ya nani. Nilimjibu mke wangu kwa aya ambayo kila Mkristo aliyewahi kuhudhuria mkesha anaijua, ile ya Mhubiri sura ya 5 inayosema kwamba ni afadhali usiweke nadhiri kuliko kuiweka usiiondoe. Akasema, "Sawa. Iondoe basi, lakini uiondoe kwa mali yako." Kisha akaenda kupika.

Kiswahili chetu cha kanisani kina jozi ya maneno ambayo nilikuwa nikiyatamka tangu utotoni bila kuyasikia: nadhiri *huwekwa*, na baadaye *huondolewa*. Ni kama mzigo uliotuliwa njiani. Aliyeuweka ndiye mwenye kuuondoa, la sivyo wapitao wote watajikwaa juu yake. Katika wiki zile nilianza kuwahesabu waliojikwaa. Sikumhesabu mke wangu peke yake, bali na watoto, ambao mahali pao pa kujenga siku moja palikuwa pamekwenda kwa sentensi moja iliyosemwa gizani na mtu mmoja. Niliporudi kuzisoma upya habari za nadhiri katika Biblia, hilo ndilo lililonishtua kuliko yote: nadhiri ya haraka mara nyingi hulipwa na mtu ambaye hakuwapo ilipowekwa.

Chukua habari ya Yeftha katika Waamuzi 11, ambayo wahubiri wengi huitumia kuonyesha uzito wa neno lililotamkwa mbele za Mungu. Yeftha alikuwa mtoto wa kahaba, aliyefukuzwa na ndugu zake wasije wakagawana naye urithi, akaenda kuishi katika nchi ya Tobu na kundi la watu mabaradhuli. Wana wa Amoni walipoivamia Gileadi, wazee walewale waliomwacha afukuzwe walimfuata awe jemadari wao. Yeye hakukubali bure. Alipatana nao kwanza kwamba akishinda atakuwa kichwa chao. Kisha akatuma wajumbe kwa mfalme wa Amoni, wakabishana kuhusu mipaka na historia ya miaka mia tatu. Huyu ni mtu aliyeishi kwa kupatana. Maisha yalimfundisha kwamba hakuna anayekupa kitu bila kudai kitu, na nadhani ndiyo maana alipofika mbele za Mungu alifanya kile alichokijua: aliweka bei mezani. Akasema kwamba Bwana akiwatia Waamoni mkononi mwake, chochote kitakachotoka katika mlango wa nyumba yake kuja kumlaki kitakuwa cha Bwana, naye atakitoa kuwa sadaka ya kuteketezwa.

Angalia mpangilio wa aya. Aya ya 29 inasema kwamba Roho ya Bwana ilimjia Yeftha. Nadhiri iko katika aya ya 30. Kwa maneno mengine, msaada ulikuwa umekwisha kufika kabla hajauomba kwa biashara. Nimeisoma sura hii tangu shule ya Jumapili, na sikuwahi kuona kwamba nadhiri ile haikununua chochote. Ushindi ulikuja, miji 20 ikapigwa, na Yeftha akarudi Mispa akiamini kwamba ana deni. Aliyetoka mlangoni, kwa matari na michezo, alikuwa binti yake wa pekee.

Tunajua alichosema baba: alirarua mavazi yake, kisha akamwambia binti kwamba yeye ndiye anayemtweza na kumsumbua. Ninayajua maneno ya namna hiyo. Mimi pia, Jumamosi ile, nilimwona mke wangu kuwa ndiye tatizo, kana kwamba swali lake ndilo lililoharibu mambo na si ulimi wangu. Binti yule, ambaye hata jina lake hatukuachiwa, aliomba miezi miwili aende milimani na wenzake kuulilia ubikira wake, akarudi, na baba yake akamtendea sawasawa na nadhiri. Tangu hapo binti za Israeli wakawa na desturi ya kumwombolezea siku nne kila mwaka. Wako wafasiri, miongoni mwao David Kimhi wa zama za kati, wanaoshikilia kwamba hakuuawa bali alitengwa abaki mwanamwali maisha yake yote. Na wako wengi zaidi, tangu Yosefo, mwanahistoria Myahudi wa karne ya kwanza, wanaosema kwamba aliuawa, na Yosefo anaongeza kwamba sadaka ile haikuwa halali wala haikumpendeza Mungu. Mimi niko upande wa Yosefo, ingawa ningependa sana Kimhi awe sahihi.

Marabi wa zamani walikuwa na swali ambalo sijawahi kulisikia likiulizwa kwenye mimbari zetu: kwa nini hakuna aliyemzuia? Katika masimulizi yao wanasema kwamba kuhani Finehasi alikuwa hai na angeweza kumfungua Yeftha katika nadhiri ile, ila Finehasi alisema, "Mimi ni kuhani mkuu, mwana wa kuhani mkuu, nitamwendeaje mtu asiye na elimu?" Na Yeftha akasema, "Mimi ni kichwa cha Israeli; nitamwendeaje yeye?" Baina ya watu hao wawili waliokuwa wakisubiriana, binti akapotea. Hayo si Maandiko, na siwezi kuyahubiri kama Maandiko, lakini yanaijua tabia ya wanaume kwa usahihi wa kutisha. Kwa wiki tatu nilikuwa na jirani aliye mchungaji mstaafu, nyumba ya nne kutoka kwangu, na sikwenda kumwona kwa sababu nilikwisha kumdokezea mzee mmoja wa kanisa kuhusu kiwanja, na niliogopa kuonekana mtu wa kurudi nyuma.

Mwishowe nilichokwenda nacho kwa mchungaji hakikuwa imani, kilikuwa ni woga. Kila mtoto alipochemka mwili kidogo, nilidhani Mungu amekuja kuchukua alichokikomboa. Niliamka usiku kumgusa paji la uso. Nilifikia mahali pa kumwona Baba yangu wa mbinguni kama mkopeshaji wa mtaani anayesimama mlangoni na daftari, na hapo ndipo nilipotambua kwamba nadhiri yangu, badala ya kunikaribisha kwa Mungu, ilikuwa imempotosha kabisa machoni pangu.

Mchungaji huyo mzee alinisikiliza mpaka mwisho akiwa ameshika kikombe cha chai ambacho hakukinywa. Nilitarajia afungue Waamuzi au Mhubiri. Alifungua Walawi sura ya 5, akaniambia nisome aya ya 4 kwa sauti. Inamzungumzia mtu anayeapa kwa midomo yake bila kufikiri, iwe ni kutenda mabaya au kutenda mema. *Kutenda mema*, hapo alinisimamisha. Sheria yenyewe, alisema, inajua kwamba mtu anaweza kuropoka hata katika jambo jema. Na inasema afanye nini? Aungame alilolikosa, kisha alete sadaka: kondoo jike au mbuzi jike, na akiwa hana uwezo, hua wawili au makinda mawili ya njiwa, na akiwa hana hata hao, sehemu ya kumi ya efa, kipimo chao cha nafaka, ya unga mwembamba. "Mwanangu," akasema, "mlango huu ulikuwa wazi siku za Yeftha. Tatizo lake ni kwamba mlango wenyewe ni mfupi. Unapita ukiwa umeinama."

Nilimbishia. Nilimkumbusha kwamba Mhubiri huyohuyo, aya ya 6, anaonya mtu asije akasema mbele ya mjumbe wa Mungu kwamba ilikuwa kosa tu. Mzee alicheka kidogo, nadhani kwa kufurahi kwamba nilikuwa nimesoma. Aliniuliza: yule anayesema "nilipitiwa" ili abaki na ng'ombe wake zizini, je, ni sawa na yule anayesema "nilikosa" huku anamleta kondoo? Aya ya 6 inamlenga wa kwanza, Walawi inamfungulia wa pili. Kutoka katika nadhiri ya haraka si bure. Kuna gharama, ila gharama hiyo inamwangukia aliyeropoka, haimwangukii binti yake.

Kisha akanionyesha mambo mengine mawili ambayo nimeyatafakari tangu siku ile. La kwanza ni Walawi 27, ambako mtu aliyewekwa nadhiri anaweza kukombolewa kwa fedha, na bei zimeandikwa: shekeli 50 kwa mwanamume wa miaka 20 hadi 60, shekeli 30 kwa mwanamke wa umri huohuo, shekeli 10 kwa msichana wa miaka 5 hadi 20, na aliye maskini kuhani amkadirie kadiri ya uwezo wake. Sitaki kujifanya kwamba hili linamaliza mjadala wa Yeftha, kwa kuwa sura hiyohiyo ina aina ya wakfu usiokombolewa; lakini inaonyesha moyo wa Sheria ulielekea wapi. La pili ni Hesabu 30, ambako baba au mume anapewa nafasi ya kutangua nadhiri ya binti au mke siku ile anapoisikia. Siku hizi sura hiyo huwakera wengi, na ninaelewa sababu. Nilipoisoma katika hali yangu niliona upande mwingine: hata katika jamii ile, nadhiri iliyogusa nyumba nzima haikuhesabiwa kuwa jambo la mtu mmoja na Mungu wake tu. Mwanamume hakuwekewa mtu wa kuitangua nadhiri yake. Labda ndiyo maana tuna Yeftha na hatuna dada yake.

Msomaji makini ataniuliza kuhusu Hana, mama yake Samweli. Yeye naye aliweka nadhiri akiwa na uchungu, na alichokitoa ni mtoto, mtu mwingine kabisa. Sina jibu linalonyoosha kila kitu. Ninaloliona ni kwamba Hana alijua anachokitaja, alimtaja mwana na si "chochote kitakachotoka mlangoni". Na wakati ulipofika, Elkana mumewe alikuwa anajua, akamwambia afanye aonavyo vema. Mtoto alinyonyeshwa kwanza, kisha akapelekwa Shilo, na mama akawa anamshonea kanzu ndogo mwaka baada ya mwaka. Kuna utulivu katika habari ile ambao haumo hata kidogo katika habari ya Mispa.

Kiapo cha Sauli katika 1 Samweli 14 kina upande wa kuchekesha kama si msiba. Katikati ya vita anamlaani mtu yeyote atakayekula kabla ya jioni. Jeshi linapita msituni asali inadondoka chini, hakuna anayethubutu kuonja, isipokuwa Yonathani, mwana wa Sauli, ambaye hakukisikia kiapo, naye anachovya ncha ya fimbo yake na macho yake yanatiwa nuru. Jioni watu wana njaa kiasi kwamba wanarukia nyara na kula nyama pamoja na damu, jambo ambalo Mungu alikuwa amelikataza waziwazi. Amri ambayo Mungu hakuitoa iliwafanya waivunje ile aliyoitoa. Sauli alikuwa tayari kumuua mwanawe ili alinde maneno yake. Ni askari wa kawaida waliosema hapana, na Yonathani akapona. Mispa ilikosa watu wa namna hiyo. Kuhusu Herode na kichwa cha Yohana Mbatizaji sina haja ya kusema mengi: Marko anaandika wazi kwamba mfalme alihuzunika, lakini kwa ajili ya viapo vyake na wale walioketi naye karamuni hakutaka kumkataa msichana. Wageni walioketi mezani ndio waliokuwa na uzito.

Kwa kuwa mimi ni Mlutheri, nilipaswa kukumbuka mapema habari ya Martin Luther. Tarehe 2 Julai 1505, akiwa mwanafunzi wa sheria wa miaka 21 anayerudi Erfurt, radi ilipiga karibu naye jirani na kijiji cha Stotternheim, naye akalia, "Mtakatifu Ana, nisaidie, nitakuwa mtawa!" Wiki mbili baadaye aliingia katika monasteri ya Waagustino. Baba yake, Hans, alikasirika sana, na mwaka 1507, Luther aliposherehekea misa yake ya kwanza, mzee huyo alimuuliza kama hajasoma kwamba mtu amheshimu baba yake na mama yake. Swali hilo lilimkaa Luther miaka mingi. Mwaka 1521 alipoandika kitabu chake kuhusu nadhiri za watawa, alikitanguliza kwa barua kwa baba huyohuyo, akikiri kwamba nadhiri ile ilitolewa kwa hofu ya kifo. Mke wangu hajasoma Luther, lakini alimuuliza mumewe swali la aina ileile aliyouliza Hans.

Wakatoliki nao, kwa sheria ya Kanisa lao ya mwaka 1983, hueleza nadhiri kuwa ahadi iliyofikiriwa na iliyo huru, juu ya jambo linalowezekana na lililo bora zaidi, na wana utaratibu wa viongozi kumfungua mtu au kuibadilisha nadhiri yake. Sisi wa makanisa ya Kiprotestanti, tuliojivunia kuondoa taratibu hizo, mara nyingi tumebaki na nadhiri bila kubaki na mlango. Matokeo yake unayaona kwenye mikutano ambako mhubiri anahesabu mpaka kumi akitaka watu wasimame na kutaja kiasi, gari au shamba, huku kinanda kinapigwa na wahudumu wanapita na kadi za ahadi. Mhubiri 5:4 husomwa hapo kwa nguvu zote. Mhubiri 5:2, inayosema moyo usiwe na haraka kunena mbele za Mungu, sijaisikia ikisomwa katika dakika hiyo hata mara moja. Sipingi utoaji, ninapinga kumharakisha mtu aseme neno ambalo hutamruhusu alirudishe, kisha unamwachia mkewe alipe ada ya shule mwezi Januari.

Bwana wetu aliposema katika Mathayo 5 kwamba tusiape kabisa, bali ndiyo yetu iwe ndiyo na siyo yetu iwe siyo, nilikuwa nikidhani anazungumzia viapo vya mahakamani. Sasa nafikiri alikuwa anatuhurumia. Petro alimsikia akisema hayo, na bado usiku wa mwisho aliahidi kufa pamoja naye, na kabla ya jogoo kuwika alikuwa akiapa kwamba hamjui. Alipofufuka, Yesu hakumdai ile ahadi ya kwanza. Alimuuliza kama anampenda, akampa kondoo wa kulisha.

Nilirudi nyumbani kutoka kwa mzee yule nikiwa na kazi mbili. Ya kwanza niliifanya usiku huo huo, nikiwa nimepiga magoti upande wangu wa kitanda, na haikuchukua muda. Ya pili ilikuwa kumwambia mke wangu kwamba nilimkosea, na hiyo ilinichukua mpaka Alhamisi. Alisikiliza, akauliza kama nimekula. Kondoo wangu, kwa namna ya kusema, ulikuwa ni mshahara wa mwezi mmoja, wa kwangu peke yangu, niliopeleka kulipia dawa za watoto wa wodi ile ambao wazazi wao walishindwa. Na mwezi huo nilikwenda kazini kwa miguu.

Kiwanja bado kipo, hatujajenga. Mwaka jana mke wangu alipanda mihogo huko, na ilipofika wakati wa kuvuna alitenga magunia mawili, akatafuta bajaji, akayapeleka kanisani. Hakuniuliza.